Ditekta yako inalia na hakuna chuma? Jua kwanza kelele inatoka wapi

Watu wengi wakinunua ditekta ya chuma hapa Nairobi wanaijaribu siku hio hio nyuma ya nyumba, iwe ni South B, Kasarani ama Ruaka, wanaiwasha tu na inaanza kulia tii tii tii hata kabla koili, ile sahani ya mwisho wa fimbo, haijashuka chini, na hapo hapo mtu anaamua ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Ngoja kwanza. Hio mashine inaweza kuwa nzima kabisa. Kelele za uongo zina asili tatu tu, zinatoka hewani, zinatoka kwa udongo, ama zinatoka kwa mashine yenyewe na vitu umevaa wewe, na ukijua ni gani kati ya hizo tatu kazi iliyobaki ni ndogo. Ukikosa kujua utabonyeza mabatani hadi jioni, leo umeshusha hii kesho umepandisha ile, na mwishowe umeharibu setingi zote na bado inalia.

So kabla ya kushika batani yoyote fanya hivi. Toka nje ya nyumba, na hapa namaanisha nje kabisa, juu kutesti ndani ya nyumba ni kupoteza wakati, slabu imejaa vyuma, ukuta umejaa waya, kuna TV, kuna rauta, kuna friji. Simama mahali wazi, inua koili hadi usawa wa kiuno, na usiitingishe hata kidogo. Sikiza. Kama inaendelea kulia ikiwa imetulia hivyo, shida ni ya hewani ama ya mashine. Kama imenyamaza lakini ukiipeleka kushoto na kulia hapo hapo hewani inalia, angalia waya wa koili na viatu vyako. Na kama hewani iko kimya kabisa, hata ukiizungusha, lakini ukiishusha chini inaanza fujo, hapo ni udongo ama takataka za chuma zilizo ndani ya udongo.

Kama imelia ikiwa imetulia, sogea. Tembea mita hamsini hivi, mia ukiweza, halafu rudia. Kelele ikibadilika, ikipungua upande mmoja na kuongezeka upande mwingine, ni ya hewani. Ikibaki vile vile kila mahali, hata katikati ya uwanja usio na nguzo ya stima karibu, basi ni mashine. Hilo jaribio halichukui muda na linajibu karibu maswali yote ambayo watu huuliza.

Kelele za hewani, na hii ndio shida kubwa ya Nairobi

Ditekta ya kawaida inafanya kazi kwa kutuma mawimbi kutoka kwa koili, chuma kikiguswa na hayo mawimbi kinazalisha mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na huo mkondo unarudisha mawimbi yake hafifu sana ambayo koili inayapokea. Hafifu kabisa. Sasa fikiria mashine inayosikiliza kitu hafifu hivyo imewekwa chini ya laini za stima zinazotoka sabstesheni ya Dandora ama Embakasi, lazima isikie na hizo pia. Stima yetu ni 50 Hz na ditekta nyingi ziko kati ya 5 na 20 kHz, kwa mfano Garrett Ace 250 iko 6.5 kHz, kwa hivyo mtu anaweza kudhani haviwezi kukutana, lakini stima ya mjini sio safi, ina mawimbi mengine madogo yanayoruka juu juu mara mia na zaidi ya hio 50, na balbu za LED, chaja za bei rahisi, inveta za sola na kamera za CCTV zinaongeza zao juu ya hizo.

Sikiliza kelele yenyewe, ina tabia. Ikiwa ni tik, tik, tik, kwa mpangilio sawa, karibu moja kila sekunde, hio ni fensi ya stima ya jirani, usipoteze muda kutafuta kingine, angalia ukuta wa karibu utaona zile waya na kibao cha manjano. Ikiwa ni mngurumo usioisha, unaopanda na kushuka polepole, ni laini ya stima ama trafoma, na usisahau zile waya zimezikwa chini ya ardhi, mitaa mingine huoni nguzo hata moja na bado stima iko chini ya miguu yako. Ikiwa inakuja kwa ghafla, inalia vibaya sekunde chache halafu inanyamaza, angalia simu yako, juu simu ikitafuta netiwaki inatuma kwa nguvu, na wengi wanaiweka mfukoni upande ule ule wa mkono unaoshika mashine. Iweke kwa gari ama uiweke flait modi. Ikiwa ni mikwaruzo isiyo na mpangilio na mawingu yameanza kujaa upande wa Ngong, hio ni radi, ditekta inaisikia radi ya mbali kabla wewe hujasikia ngurumo, na hapo suluhisho ni kufunga kazi uende nyumbani kwa sababu umesimama uwanjani na fimbo mkononi.

Na kama mko wawili na mashine za aina moja, kila mtu anasikia mashine ya mwenzake. Tenganeni, mita kumi na tano si nyingi, na mmoja abadilishe frikwensi kama mashine yake inaruhusu.

Jinsi ya kupunguza sasa. Kwanza, kama mashine ina batani ya kutafuta chaneli safi, itumie, na uitumie pale pale utakapofanya kazi, sio nyumbani. Mashine ingine inataka koili itulie chini wakati inatafuta, ingine inataka iwe hewani, soma kitabu chake. Pili, geuka. Hii watu hawaijui na ni ya bure: kelele ya laini ya stima inategemea koili imeangalia wapi, so ukibadilisha upande unaotembelea saa ingine inapungua sana bila kugusa chochote. Tatu, koili ndogo inapokea kelele kidogo kuliko kubwa, kwa kazi ya mjini ni afadhali koili ndogo. Wenye zile mashine kubwa za dhahabu, Minelab GPX na wenzake, ambazo zinatuma mawimbi kwa mapigo na zinaathirika na stima kuliko za kawaida, wakiwa na koili ya aina ya DD (ile yenye waya mbili za umbo la D ndani) wanaweza kuiweka kwa modi ya Cancel, ya kufuta kelele, utapoteza kina lakini utafanya kazi.

Nne ni sensitiviti, yaani nguvu ya mashine ya kusikia, na hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu watu wanaogopa kuishusha kama vile wanatupa pesa. Mtu anaona ikiwa kwa kumi ndio inaona mbali, ikiwa kwa tano inaona nusu. Hapana. Mawimbi yakienda chini yanapungua haraka sana na yakirudi yanapungua haraka hivyo hivyo, kwa kitu kidogo kama sarafu nguvu inayorudi inapungua kwa kina kikizidishwa chenyewe mara sita. Maana yake ni kwamba ukipunguza nguvu ya kusikia kwa nusu kamili, kina unachopoteza ni karibu asilimia kumi na moja tu. Kama ulikuwa unafika sentimita ishirini sasa unafika kumi na nane hivi, na masikio yako yametulia unaweza kusikia sauti ya kweli. Mashine inayolia ovyo kwa sensitiviti ya juu inaona kina kidogo kuliko iliyonyamaza kwa sensitiviti ya chini, juu sauti ndogo ya kitu cha chini inamezwa na fujo. Shusha hadi inyamaze, halafu shusha kidogo tena. Hii naisema kwa moyo wangu wote kwa sababu nimeona watu wazuri wakikata tamaa na mashine nzuri kwa ajili ya hilo batani moja.

Na kama unataka uhakika kabisa kama ni stima ya mtaa, ngoja siku stima imepotea, toka nje na mashine. Ikiwa imenyamaza umepata jibu.

Inanyamaza hewani lakini chini inalia kila mahali

Hapa ni udongo. Udongo wetu mwekundu wa Karen, Kikuyu na Kiambu umetokana na mawe ya volkano yaliyooza na una chuma kingi ndani yake, ndio maana ni mwekundu, na ditekta inakiona hicho chuma. Maramu ni vile vile, barabara ya maramu ni mahali pabaya sana pa kujifunzia. Dawa yake ni grauni balansi, yaani kuambia mashine huu udongo ndio kimya, kingine chochote ndio sauti. Tafuta kipande kidogo kisicho na chuma (pitisha koili mara kadhaa uhakikishe), bonyeza batani ya balansi na upandishe na ushushe koili polepole, kutoka karibu kugusa chini hadi kama kimo cha shubiri, rudia hadi sauti iwe sawa ikipanda na ikishuka. Ukisikia inalia ikishuka na inanyamaza ikipanda, bado haijakaa. Mashine ndogo kama hio Ace 250 hazina balansi ya kurekebisha kwa mkono, iko fiksi kutoka kiwandani, na kwa udongo mwekundu mzito utabaki na sensitiviti tu, hilo lijue kabla ya kununua.

Balansi uliyoifanya Kikuyu haikusaidii Kitengela. Ukitoka udongo mwekundu ukaingia ule mweusi wa Syokimau na Athi River, fanya tena. Mvua ikinyesha, fanya tena. Halafu ule mweusi ukikauka unapasuka nyufa pana, na kama una madini, ukipitisha koili juu ya ufa mashine inaweza kulia, kwa sababu ulikuwa umeiambia udongo ndio kimya na ghafla udongo haupo. Shimo ulilochimba na kulifukia pia linaweza kufanya hivyo. Upande wa Magadi ni shida ingine, pale kuna chumvi na magadi, ikilowa inapitisha umeme na mashine ya kawaida inalia kila ukitikisa mkono, fanya kazi kukiwa kukavu na ushushe sensitiviti bila huruma.

Angalia pia mkono wako. Anayeanza anapeleka koili kama anafyeka nyasi, ikifika mwisho wa kila upande inapanda juu, na kila ikipanda na kushuka mashine inahesabu udongo umebadilika. Iweke sambamba na chini, umbali ule ule mwanzo hadi mwisho, usiigonge kwa mawe.

Kuna mawe yanalia kama dhahabu. Hapa Nairobi ni mawe meusi ya volkano, na ukifika Migori ama Kakamega ni mawe yenye chuma, mazito, mekundu ama ya kahawia. Ukitaka kujua, inua koili kidogo kidogo: sauti ya jiwe inapotea haraka ukiinua sentimita chache, chuma halisi cha ukubwa unaofaa inafifia polepole. Halafu sogeza lile jiwe kwa mguu, sauti ikihama nalo basi ni lenyewe. Pitisha sumaku. Usilitupe mbali bila kuliangalia lakini, dhahabu mara ingine imekaa ndani ya jiwe, ukilivunja na nusu moja inalia na ingine hailii, endelea na hio inayolia.

Na tuseme ukweli kwa wale wanaotafuta dhahabu wakiwa huku, mawe ya Nairobi ni ya volkano changa, dhahabu ya Kenya iko magharibi, Migori, Kakamega, Siaya, Vihiga, na pia Pokot Magharibi. Nairobi ni mahali pa kujifunza mashine. Kwa hivyo ikilia kwa shamba lako la Ruiru na namba kwa skrini ni zile za dhahabu, ni foili ya sigara.

Inalia vizuri, unachimba, hakuna kitu

Hii inaumiza kuliko zote. Mara nyingi kitu kiko, ni msumari. Ploti nyingi za hapa zimewahi kuwa saiti, na kila saiti imeacha misumari, vipande vya mabati, seng'enge, waya za kufungia vyuma na vifuniko vya soda, na chuma cha kawaida, kile kinachoshika kutu, kina ujanja wake: kikiwa bapa kama bati ama kifuniko, ama kikiwa kimekunjika kama msumari, kinaweza kutoa sauti ya juu ya shaba ama fedha. Mashine haijakosea kusikia, imekosea kutambua.

Kabla ya kuchimba, zunguka. Pitisha koili kutoka kaskazini kwenda kusini, halafu simama upande mwingine upitishe mashariki kwenda magharibi, polepole, mwendo mfupi. Sarafu inatoa sauti ile ile pande zote na namba kwa skrini inatulia, inacheza kidogo tu. Msumari unalia upande mmoja, upande mwingine unakatika ama unashuka kuwa sauti ya chuma, na namba zinaruka ruka. Vuta koili nyuma hadi kitu kitoke kwenye ncha yake ya mbele, chuma kikiwa pembeni mara nyingi kinajitoa chenyewe kwa sauti nzito. Na kama mashine ina sauti ya chuma umeizima, iwashe, ni afadhali usikie kelele nyingi uelewe kuliko kimya kinachokudanganya.

Jifunze na vitu unavyovijua. Weka chini msumari, kipande cha foili, pete, na ile senti kumi ya zamani yenye tundu, ya shaba, ambayo bado iko kwa nyumba za wazee, halafu uweke shilingi moja ya siku hizi. Shilingi ya zamani ya miaka ya 1960 na 1970 ni shaba na nikeli, zile za karibuni nyingi zinashikwa na sumaku, jaribu uone, so usishangae mashine ikiziita chuma. Ukishasikia tofauti kwa masikio yako hakuna kitabu kitakufundisha zaidi. Kwa anayetafuta dhahabu, usizime namba za foili, dhahabu ndogo iko pale pale.

Kitu kimoja ambacho si cha kelele lakini lazima nikiseme: sauti kubwa na nzito kwenye maeneo ya mazoezi ya jeshi kama Archer's Post usiichimbe kabisa, watu wa kule wameumia na kufa kwa mabomu yaliyobaki. Na ukipata vitu vya kale, sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inavilinda, ripoti.

Inalia kila mahali, hata uwanjani mbali na stima

Sasa ni mashine, ama ni wewe. Anza na wewe kwa sababu ni rahisi. Safti buti zina chuma mbele ya vidole na koili ikikaribia mguu inalia, vaa gambuti za kawaida. Panga mkononi, jembe limelazwa karibu, funguo, mshipi wenye bizimu kubwa, vyote hivyo.

Halafu waya. Waya wa koili unafaa uzungushwe kwa fimbo kwa kubana, usining'inie, juu ukicheza karibu na koili mashine inauona. Inua koili, tulia, halafu tikisa waya kwa vidole kuanzia kwenye koili hadi kwenye plagi. Mahali itakapolia ndipo ilipokatika ndani. Plagi yenyewe ifungue, ifute vumbi, ikaze vizuri. Kava ya koili itoe uoshe, kule mtoni mchanga mweusi wa sumaku unaingia ndani ya kava na unatembea na wewe siku nzima, unabalansi na kubalansi na haikai. Gonga koili kwa kidole polepole, ikilia kwa kila mguso ukiwa na sensitiviti ya chini, pengine imepasuka ama imeingia maji. Koili isipelekwe kwa fundi aifungue, zimejazwa gundi ngumu ndani, akishaipasua hairudi.

Betri usizichanganye mpya na zamani, na zile za bei ya kutupa zinaanguka nguvu haraka. Mashine inayochajiwa isitumike ikiwa imechomekwa kwa pawabenki. Hedifoni zitoe usikilize spika, waya mbovu wa hedifoni unakwaruza kama radi. Mwisho rudisha setingi za kiwandani, saa ingine mtu amebonyeza kitu bila kujua.

Kwa masoja wa geti

Ditekta ile ya mkono ya kukagua watu ikilia kwa kila mtu, mara nyingi soja amesimama karibu na geti la chuma ama anaipitisha chini sana karibu na sakafu yenye vyuma vya slabu. Sogea hatua mbili, jaribu hewani, isipolia iko sawa. Zile za kupitia kama mlango zikilia peke yake angalia kama ziko karibu na lifti, ngazi za umeme, ama mlango wa chuma unaofunguka, na kama ziko mbili bega kwa bega zinaweza kuwa zinasumbuana, zipewe frikwensi tofauti na umbali.

Kuna kifaa kingine sitaki mtu anunue kabisa, kile chenye antena inayozunguka kwa mkono ambacho wanasema kinaonyesha dhahabu ama bomu kutoka mbali. Hicho hakina kelele ya kutatua kwa sababu ndani hakifanyi kitu. Mwingereza James McCormick aliuza ya aina hio, ADE 651, hadi Iraq, na mwaka 2013 akafungwa miaka kumi. Antena inafuata mkono wa aliyeishika, basi.

Ukirudi kwa aliyekuuzia

Kama umepitia haya yote na bado inalia uwanjani, ikiwa na betri mpya, koili imetulia hewani na sensitiviti iko chini, irudishe, na uende umejipanga. Rekodi video kwa simu ukiwa umeiweka mbali kidogo, onyesha setingi kwa skrini, onyesha mahali pako wazi, tikisa waya aone. Ukipata mtu mwenye mashine modeli hio hio, badilishaneni koili pale pale. Kelele ikihama na koili, unahitaji koili tu. Ikibaki kwa mashine yako, ni boksi ya juu, na hio ni kazi ya gwaranti.